Buni Ina Watu Wake, Ubongo Je?

Wacha niseme mapema, ili atakayekasirika apate muda wa kutosha wa kukasirika: nchi iliyoweza kuutafutia mti wa kahawa tiba kwa miaka kumi na minne, kisha ikamwambia kijana wake kwamba kusomea ubongo ni anasa, inatudharau. Na dharau hiyo isisingiziwe uhaba wa pesa. Nitafika kwa pesa.

Kwanza panda mat ya Thika pale mjini, keti dirishani. Ukifika Kahawa unapita Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ruiru kuna Zetech. Juja kuna Jomo Kenyatta, kile cha kilimo na teknolojia. Thika kuna Mount Kenya. Barabara moja, safari ya saa moja kama hakuna jam, na kila stegi konda anamwaga wanafunzi na madaftari yao. Ukitaka shahada ya kwanza kwa barabara hii hutakosa. Ukitaka ya biashara utapata jioni, wikendi na mtandaoni. Lakini shuka stegi yoyote uulize ofisi ya uzamili kama unaweza kusomea ubongo: jinsi unavyokumbuka, unavyoshikwa na kifafa, unavyopona au usivyopona baada ya kugongwa kichwa. Utaangaliwa kama mtu aliyeulizia ndege ya kwenda mwezini.

Sasa rudi Ruiru, kwa kahawa. Mwaka 1922 ugonjwa wa chulebuni uliripotiwa kwa mara ya kwanza, na uliripotiwa hapa Kenya. Ni kuvu inayoozesha matunda ya kahawa yangali mabichi mtini, mkulima akiangalia. Baada ya mlipuko mkali wa mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walianza mwaka 1971 kutafuta mmea utakaostahimili. Walivusha, wakapanda, wakangoja, wakapima, wakang'oa, wakaanza tena. Mwaka 1985 mbegu ikatoka. Iliitwa Ruiru 11, na jina hilo linajulikana na watu wa kahawa kote duniani ambao hawajui hata Ruiru iko upande gani wa Nairobi. Kuvu yenyewe leo kwenye vitabu vya sayansi inaitwa Colletotrichum kahawae. Neno letu limekaa ndani ya Kilatini na hakuna aliyekufa.

Sioni mahali popote katika hadithi hiyo ambapo mtafiti aliambiwa, "Bana, utafiti wa kahawa ni wa Brazil, wewe uza tu buni." Shida ilikuwa hapa, kwa hivyo masomo yakawa hapa. Mtu alilipwa mshahara kukaa na swali moja miaka kumi na minne. Mimi nauliza tu: yule mama aliyekuwa akichuma hiyo buni, kichwa chake kilikuwa na thamani gani ukilinganisha na debe lake?

Mimi nafanya uzamili. Naishi Kimbo, Ruiru, na siku tatu kwa wiki nafundisha tuisheni Thika ili nilipe karo. Chuo changu sikitaji, maana sikukuja kugombana na mlango mmoja wakati mtaa mzima umefungwa. Nilipoenda kuomba kusomea sayansi ya ubongo, mwalimu mmoja, mtu mpole tu, aliniambia: "Msichana wangu, hiyo ni ya nchi zilizomaliza shida zao. Sisi bado tuko kwa malaria na maji. Chukua afya ya umma, utapata kazi kwa shirika." Nikajiandikisha fiziolojia, kwa sababu ndio mlango uliokuwa karibu zaidi na ule nilioutaka. Ubongo nausoma kupitia dirishani.

Hiyo sentensi ya "nchi zilizomaliza shida zao" nimeisikia mara nyingi mno. Hebu tuipasue.

Mtoto wa dada yangu ana kifafa. Wako Makongeni, Thika. Alianza akiwa na miaka sita, na kwa mwaka mzima wa kwanza hakuona daktari, aliona kila mtu mwingine: mchungaji, jirani mwenye mafuta, mzee wa kutoka mbali mwenye chupa. Watu wa ploti waliwaambia watoto wao wasiguse povu lake, wataambukizwa. Shule moja ilimrudisha nyumbani "mpaka apone". Alipofika kliniki hatimaye, dawa aliyopewa ilikuwa phenobarbital, dawa ambayo Mjerumani Alfred Hauptmann alionyesha mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa. Miaka zaidi ya mia. Shirika la Afya Duniani linasema dawa za msingi za kifafa zinaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 kwa mwaka. Linasema watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 yao wako nchi maskini na za kipato cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeishi bila mishtuko kama wangetambuliwa na kutibiwa vizuri. Lakini katika nchi za kipato cha chini robo tatu hawapati tiba wanayohitaji.

Hapa mjuaji anainua mkono. Anasema: si umejijibu? Dawa ipo tangu 1912. Kinachohitajika ni dawa ifike Makongeni, si wewe uvae koti jeupe uandike tasnifu.

Ni hoja nzuri, na ndiyo sababu nataka kuijibu polepole. Kifafa hakina chanzo kimoja. Kuna kinachotokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kuna cha malaria iliyopanda kichwani. Kuna cha kugongwa, na sisi tunaoishi kando ya barabara hii ya bodaboda na malori tunajua vichwa vinagongwaje. Kuna cha mayai ya tegu wa nguruwe anayejijengea vifuko ndani ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi ambako tegu huyo yuko, anachangia karibu asilimia 30 ya kifafa. Hizo ndizo sababu za kwetu. Kitabu nilichosomea fiziolojia kiliandikwa kwa ajili ya watu ambao watoto wao hawaugui malaria, kwa hivyo sababu hizo zimewekwa mwishoni, kurasa mbili, kama salamu za heri. Nani atapima ni zipi zinazotawala Kiambu, zipi Busia, zipi Kilifi? Nani ataeleza kwa nini mtoto mmoja anatoka kwa malaria ya ubongo akiwa sawa, na mwingine anatoka bila maneno?

Na tunajua kazi hiyo inawezekana, kwa sababu Kilifi imefanyika. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilianza pale mwaka 1989, na kina Charles Newton na wenzake wakakaa miaka na miaka na watoto waliopona malaria ya ubongo, wakionyesha kwamba wengi "waliopona" hawakupona: walibaki na kifafa, na shida za kusema, na shida za kukumbuka. Amina Abubakar, Mkenya, amefanya kazi ya kutengeneza na kuhakiki vipimo vya ukuaji wa mtoto vinavyomfaa mtoto wa pwani badala ya kumpima kwa picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona. Aga Khan nao walizindua taasisi ya ubongo na akili Nairobi mwaka 2021. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani Kenya. Imewezekana mahali ambapo pesa ilitoka ng'ambo au kwa taasisi binafsi. Ninachouliza ni kwa nini haiwezekani kwa chuo cha umma ambacho mzazi wa Kiandutu analipia kodi.

Tuendelee na hizo "shida zetu". Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwemo, na wengine wakabaki vipofu. Gazeti liliandika "pombe ya kupofusha" kana kwamba ni uchawi. Si uchawi. Ini linaigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inaua neva ya jicho. Hiyo ni sayansi ya neva, na ilifanyika kwa baa za mashinani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga risasi ile ya sumu hadi ikaingia kwa damu ya watoto. Phyllis Omido akapigana, na Julai 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kabla kesi haijaendelea kupanda ngazi. Risasi inaharibu nini kwa mtoto? Ubongo. Mlevi, mtoto wa kiwanda, dereva wa boda, mtoto wa malaria. Hao ndio watu wa "malaria na maji" ambao eti hawahitaji mtu aliyesomea ubongo.

Sasa nije kwa kitu kinachoniuma zaidi, kwa sababu watu wakisema sayansi ya ubongo ni "ya wazungu" wanasema ukweli wasioujua. Ubongo wa Mkenya umewahi kusomwa. Ulisomwa hapa hapa, na waliousoma walitutukana nao.

Hospitali ya Mathari ilianza 1910, wakiiita makao ya vichaa. Miaka ya 1930 daktari wake H. L. Gordon alikuwa akihubiri kwamba Mwafrika amezaliwa na akili pungufu na kwamba kumsomesha ni hatari. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wakaunda Nairobi chama cha kile walichokiita kuboresha kizazi. Mwaka 1934 F. W. Vint wa maabara ya serikali akachapisha katika jarida la anatomia la Uingereza makala kuhusu ubongo wa "mwenyeji wa Kenya". Alipima bongo za Waafrika waliokufa, akatangaza kwamba ni nyepesi na tabaka lake la juu ni jembamba kuliko la Mzungu. Hao waliopimwa hatujui majina yao. Walikula nini maisha yao yote, waliugua nini kabla ya kufa, walibeba mizigo ya nani, hayo hayakuzuia hitimisho kufika London salama.

Kisha akaja J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, ndiyo, lile lile ninalolinukuu hapa juu, lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaiandikia serikali ya kikoloni kijitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Soma tena tarehe: 1954. Watu wako kambini na vijijini wamezungushiwa mitaro, mashamba yao yamechukuliwa, na mtaalamu wa ubongo anaeleza kwamba shida iko ndani ya vichwa vyao. Frantz Fanon alimjibu mwaka 1961, lakini Fanon alikuwa mbali na Kenya. Kutoka kwa maabara ya Nairobi hakukuwa na Mwafrika wa kumjibu kwa darubini, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefunzwa kuishika.

Hilo ndilo somo langu lote la uzamili kwa sentensi moja: asiyeshika darubini huishia kuwa chini yake.

Usiniambie hayo ni ya zamani. Sikudai kwamba leo kuna Carothers kila maabara. Nasema swali bado linatoka kule. Nikupe mfano mdogo, wa nywele. Kuna kipimo cha kurekodi umeme wa ubongo: unavalishwa vidude kichwani vinavyogusa ngozi, mashine inachora mawimbi. Ni kipimo muhimu kwa kifafa. Niliwahi kujitolea kupimwa kwenye mafunzo fulani. Nilikuwa nimesuka matuta, siku mbili tu, na nimelipia. Fundi akaniangalia kichwa, akashusha pumzi. "Dada, hii haiwezi kushika. Ungefumua." Hakuwa na ubaya. Vidude vile vilibuniwa juu ya vichwa vyenye nywele laini zilizolala. Ilichukua hadi mwaka 2020 ndipo Arnelle Etienne, msichana mweusi aliyekuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na wenzake wakachapisha vidude vinavyobanwa kati ya matuta, yaani msuko wenyewe ukawa ndio unaovishikilia. Wameviita Sevo, neno la Kikrioli cha Haiti lenye maana ya ubongo. Fikiria hilo kwa dakika moja. Shida ambayo kila msusi wa Ruiru angeiona kwa kutazama tu, ilingoja mpaka mtu mwenye nywele hizo akaingia maabara kama mwanafunzi. Kwetu mtu huyo angekuwa ni yeyote. Lakini maabara iko wapi?

Mfano mwingine uko chini ya udongo. Kuna fuko asiye na manyoya, mnyama mdogo wa kutisha sura, anayeishi Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 2017 watafiti wa Chicago na Berlin walionyesha kwamba anaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni kabisa na ubongo wake usife. Mtu anayejali kiharusi lazima asimame asikilize. Sasa, mnyama huyu ni jirani yetu wa Ukambani. Na zamani tulimtangulia kila mtu: mwaka 1990 Titus Kanui wa Nairobi, na mwenzake Hole wa Norway, walichapisha kwamba fuko huyu akidungwa morfini hapungui maumivu, anakuwa mkali. Jambo la ajabu kabisa, na lilitoka hapa. Miaka mitatu baadaye, 1993, chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika kikaanzishwa, na kilianzishwa Nairobi. Tulikuwa mbele! Leo kijana wa Thika akitaka kumsoma fuko aliyechimba shimo safari fupi kutoka kwao, itabidi aombe viza ya Ujerumani.

Haya, pesa.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kusema itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Iko kwenye kitabu cha sheria, si ndoto yangu. Hatujawahi kuifikia, na sijasikia mbunge akilala njaa kwa sababu hiyo. Kwa hivyo mtu akiniambia "hakuna pesa", namjibu kwamba kuna sheria, na asiyeitii ndiye aulizwe, si mwanafunzi.

Lakini hata tukikubali kwamba pesa ni kidogo, bado kisingizio hakisimami. Watu wanadhani sayansi ya ubongo ni lazima mashine ya mamilioni. Nzi wa matunda, yule kadudu anayezunguka ndizi iliyoiva sana, ndiye aliyewapa Nobel ya 2017 kina Hall, Rosbash na Young kwa kueleza saa ya ndani ya mwili. Anazaliana kwa siku kama kumi. Anaishi kwa chupa. Chakula chake ni unga, sukari na hamira. Na sisi tuko Thika, mji wa mananasi! Kama kuna mji duniani ambao nzi wa matunda hawana gharama, ni huu. Haya si maneno ya baa. Mwaka 2011, Ishaka, magharibi mwa Uganda, Mnaijeria Sadiq Yusuf pamoja na Lucia Prieto-Godino na Tom Baden walianza kufundisha Waafrika sayansi ya neva kwa kutumia nzi hao, na baadaye wakaeneza vifaa vya maabara vinavyochapishwa kwa printa ya pande tatu na kuunganishwa kwa vipuri vya bei ya soko. Ishaka si Boston. Ni mji mdogo kuliko Thika.

Mahali pesa inapotuumiza kweli ni kwingine kabisa. Mimi, ili nihitimu, natakiwa niwe na makala iliyochapishwa. Jarida la Nature Neuroscience lilipoanza kutoza wanaotaka makala yao isomwe bure na wote, mwaka 2021, bei ilikuwa euro 9,500. Sitanii. Hata majarida ya chini ya hapo: Aprili 2023 wahariri zaidi ya 40 wa NeuroImage walijiuzulu wote kwa pamoja wakisema ada ya dola 3,450 ni dhuluma, wakaenda kuanzisha jarida lao. Hao ni maprofesa wa Uingereza na Marekani wanaosema bei imezidi. Sasa mimi wa Kimbo niseme nini? Chuo kinanidai makala, mchapishaji ananidai karo ya miaka, na kati ya hao wawili kuna wauza majarida feki wanaonitumia barua pepe kila Jumatatu: "Mpendwa Profesa". Ndiyo maana tasnifu nyingi zinakufia kabatini.

Hapo ndipo mtu mwenye roho nzuri ananishika bega: "Basi enda majuu." Nina marafiki walioenda. Siwalaumu hata kidogo. Waliokaa huku wakingoja wahadhiri warudi kutoka kwa mgomo wa 2024, kisha wa 2025, wana haki zote za kuondoka. Lakini ushauri wa "enda majuu" ukigeuzwa kuwa mpango wa taifa, matokeo yake ni haya: anayesoma kule anapewa swali la kule. Anapewa panya wa kule, wagonjwa wa kule, msimamizi ambaye hajawahi kusikia Makongeni. Akimaliza ni mtaalamu wa ugonjwa wa wazee wa Toronto. Na sisi tutampigia makofi mtandaoni, "mtoto wetu", huku mpwa wangu akingoja foleni.

Tena ushauri huo ni wa wenye nyumba. Kijana wa kukodi bedsita ana karo ya kuomba tu chuo, ada ya mtihani wa Kiingereza, na viza inayotaka kuona akaunti ya benki. Sayansi inakuwa ya waliozaliwa nayo.

Kuna jambo la mwisho, na hili si la serikali, ni letu sisi tunaosoma. Lugha. Shosho yangu aliniuliza ninasomea nini. Nikajaribu. Neva nikasema "nyaya". Kifafa nikasema ni kama stima inayopiga shoti kwa kichwa, si pepo, si povu, na haiambukizi. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na kwa nini hamkutuambia hivyo?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu swali hilo si langu peke yangu. Tasnifu kuhusu wagonjwa wa Kiambu inaandikwa kwa Kiingereza cha jarida, inafungiwa nyuma ya malipo, na mgonjwa aliyetoa damu yake alitia sahihi fomu ambayo muuguzi alimtafsiria kwa haraka akiwa amesimama. Kahawa ilikuwa na afisa wa nyanjani aliyempelekea mkulima matokeo shambani kwake. Ubongo hauna afisa wa nyanjani.

Kwa hivyo nadai, na nadai kwa majina ya vitu, ili nisiambiwe napiga kelele tu.

Vyuo vya barabara hii viache kushindana kwa mabango. Viungane viwe na programu moja ya uzamili na uzamivu ya sayansi ya ubongo: mmoja ulete fiziolojia, mwingine uhandisi, mwingine hospitali. Mat ni mia moja na kitu. Mwanafunzi anaweza kusoma Juja asubuhi na Thika mchana.

Mwanafunzi wa utafiti alipwe. Posho ya kuishi, kila mwezi, kama mfanyakazi, maana ni mfanyakazi. Mtafiti wa Ruiru 11 hakufundisha tuisheni usiku ili aweze kuangalia mimea yake mchana.

Maswali ya tasnifu yaanzie foleni. Kila anayejiandikisha akae kwanza miezi kadhaa kliniki ya kifafa au wodi ya waliogongwa, Thika Level 5 au hospitali nyingine ya umma, asikilize kabla hajaandika pendekezo.

Hakuna kuhitimu bila kurasa tano za Kiswahili ambazo mgonjwa aliyeshirikishwa anaweza kusomewa na akaelewa. Na kama unataka shahada hii ili tu upandishwe cheo ofisini, kuna nyingine nyingi, tafadhali tuachie kiti.

Ada ya kuchapisha ilipwe na anayetaka makala ichapishwe. Chuo kikidai, chuo kilipe. Hakilipi, kisidai.

Najua nitajibiwa kwamba programu kama hiyo itachukua miaka. Sawa. Breeda wa kahawa alipewa 1971 hadi 1985. Hatukumwita mpenda anasa, tulimwita mtafiti, na miti yake bado iko mashambani Kiambu. Tupeni miaka hiyo hiyo kumi na minne. Mpwa wangu ana kumi sasa hivi, atakuwa na ishirini na nne. Nataka siku hiyo akiuliza kwa nini kichwa chake kilipiga shoti, ajibiwe na mtu aliyesomea hapa, kwa lugha anayoota nayo.